Bipu ya Mama Shukrani

Mimi nina mdomo, nalijua hilo, hamna haja ya kunikumbusha. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilipozaliwa pale Kasingirima, Ujiji, nilianza kugomba kabla ya kulia. Lakini habari za Marselino lazima nizisimulie mimi, kwa sababu mwenyewe hatazisimulia. Yule ukimuuliza umeamkaje, anafikiri kwanza ndipo ajibu. Na mimi jambo likikaa tumboni mwangu halinipi usingizi.

Tunafanya kazi pamoja Bangwe, hapa Kigoma, ukingoni mwa ziwa, kwenye kituo cha samaki wa mapambo. Nilipoanza kazi ile watu wa Ujiji walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. "Mwanvua, siku hizi unamlisha samaki badala ya samaki kukulisha wewe?" Siwalaumu. Sisi tumekuzwa na dagaa na migebuka, na samaki asiyeingia chunguni tulikuwa hatumhesabu. Sasa mtu anakuambia kuna samaki wa ukubwa wa kidole, mwingine wa manjano, mwingine ana michirizi ya buluu, wengine wanaishi ndani ya maganda ya konokono kama wapangaji, na hao hawaliwi. Wanatiwa kwenye mfuko wa maji na hewa, wanapanda ndege, wanakwenda kukaa sebuleni kwa watu Ulaya wakitazamwa. Loo! Mimi mwenyewe ndege sijapanda. Lakini kazi ni kazi. Nikaingia kufungasha, na mpaka leo nafungasha.

Marselino yeye ni mtu wa maji. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo wakahamia Bangwe, yeye akazaliwa hapa hapa, akabatizwa hapa hapa, akajua kuzamia kabla ya kujua kusoma. Samaki wengi wa mwanzo wa kituo aliwashika yeye, kule chini miambani, kwa wavu mdogo na mkono wa taratibu. Masikio yalipoanza kumuuma kwa kuzamia sana, bosi wetu Bonaventura akamtoa majini, akamkabidhi pampu.

Kwa asiyejua, pampu ndiyo roho ya kituo. Matangi yetu ni ya vioo, yamepangwa safu kwa safu chini ya paa la bati, na maji yake lazima yazunguke wakati wote. Pampu inayavuta, inayapitisha kwenye chujio, inayarudisha juu yakiwa na hewa. Sasa ikinyonya majani ya majini au ganda la konokono, inaziba. Mota itaendelea kunguruma kama kawaida, lakini maji hayaendi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Unasikia sauti unadhani kazi inafanyika, kumbe kelele tupu, kama vikao fulani vya mtaa ninavyovijua. Baada ya muda samaki wanapanda juu midomo wazi wakitafuta hewa, na ukichelewa hapo, kazi yako ni kuwaokota.

Zamani Marselino alikuwa na ujanja wake. Kwenye kila bomba linalorudisha maji alifunga utepe wa khanga. Maji yakitoka vizuri, utepe unacheza. Yakipungua, unalegea. Yakikoma, unalala. Ukisimama mlangoni unatupa jicho mara moja tu, unajua tangi lipi lina shida. Na khanga zenyewe zilikuwa za Scola, mkewe, zile zilizochakaa. Wageni walidhani ni mapambo. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ni mambo ya mizimu, nikamwambia ndiyo, mzimu unaitwa pampu.

Scola alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yeye Muha wa Heru Juu, mimi mtu wa Ujiji, basi ilikuwa utani kutwa. Ananisalimu kwa lugha ya kwao, "Mwakeye," kwa sauti ya juu, namjibu kwa Kiswahili cha pwani ya ziwa kwa makusudi, ananuna, halafu tunacheka. Kwa miaka mingi alianika dagaa Kibirizi, mpaka mchanga ukamfuta alama za vidole. Sitanii! Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa dole gumba, mashine ilimkataa. Akajifuta, akabonyeza tena, wapi. Akapaka mafuta, wapi. Akamgeukia mwenye mashine, akamwambia, "Sasa ndugu yangu, mimi si mtu?" Foleni nzima tukashika mbavu. Ikabidi Marselino aisajili ile laini kwa dole lake. Kwa hiyo laini ni ya Scola, lakini jina kwenye kampuni ya simu ni la Marselino. Hilo likumbukeni.

Na msidhani aliitumia kuongea. Scola kuongea na simu? Kubipu tu! Saa saba mchana chakula kikiiva, anambipu mumewe, ikiita mara moja anakata. Maana yake, njoo ule. Marselino naye anambipu mara moja. Maana yake, nimesikia, nakuja. Halafu anaosha mikono, anapanda kilima kwenda nyumbani. Siku moja alijisahau akapokea. Mungu wangu! Tulimsikia Scola mpaka kwenye matangi, "Umekula vocha yangu, Baba Shukrani! Nani kakwambia upokee?" Tangu siku hiyo Marselino hakupokea tena. Simu ikiita alikuwa anaitazama tu mpaka Scola akate mwenyewe. Nilikuwa nawacheka. Watu mmeoana, mmezaa, mmezeeka, mazungumzo yenu ni bipu moja kwenda, bipu moja kurudi. Lakini niseme ukweli, nilikuwa pia nawaonea wivu. Mimi mume wangu alikuwa anapiga simu ndefu, na hakuwa anasema chochote cha maana.

Scola alitutoka mwaka juzi, masika, baada ya kuugua kifua. Niliumia sana. Mpaka leo nikipita Kibirizi nikaona mwanamke ameinama juu ya dagaa na kilemba cha kijani, moyo unaruka.

Marselino alirudi kazini baada ya matanga, akashika pampu zake kama kawaida. Ila saa saba ikifika anatoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha. Mwanawe Shukrani yuko Mpanda kikazi, nyumbani hakuna mtu. Chakula anakipika mwenyewe alfajiri, anakifunika kwa sahani, na ikifika mchana hakumbuki kwenda kukila. Nilikuwa nampa vitumbua vyangu. Alikuwa anavishika tu mkononi.

Simu ya Scola aliiweka, kile kitochi chake kilichofungwa raba. Mtu alimwambia kwamba laini ikikaa kimya miezi kadhaa, kampuni inaifunga, na namba anapewa mwingine. Basi kila Jumapili akitoka kanisani anachukua kitochi, anajipigia mwenyewe, inaita mara moja, anakata. Hilo sikulijua wakati huo. Nilikuja kulijua baadaye, baada ya kitochi kuvimba betri kikafa.

Sasa ndipo anapoingia Onesmo. Onesmo ni fundi wa vifaa vya umeme, kijana wetu wa Buzebazeba, amesomea Dar es Salaam akarudi na heshima zake, shikamoo haimpiti. Bosi alimwita kwa sababu Jumapili moja pampu iliziba wakati hakuna mtu kazini, tukapoteza samaki wa tangi zima. Marselino aliwaokota mmoja mmoja, hakula siku ile.

Onesmo akaleta kifaa. Ndani ya bomba kinakaa kigurudumu kidogo kinachozungushwa na maji. Maji yakipungua, kigurudumu kinasuasua, na kisanduku kilichopigiliwa ukutani juu ya meza yangu kinapiga simu kwa mtunza pampu. Kitapiga, usipopokea kitapiga tena na tena, mpaka maji yarudi. Mimi nilikipenda. Nikamwambia, "Onesmo mwanangu, hiki kitu kina mdomo kama wangu."

Kikakosa laini tu. Siku hiyo mtandao wa usajili ulikuwa chini Kigoma nzima, na bosi alitaka kazi iishe kabla ya kusafiri. Marselino, mtu asiyesema, akasema, "Laini ninayo mimi. Imesajiliwa kwa jina langu." Akaitoa kwenye pochi, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya sigara ingawa havuti. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Onesmo akaiweka, akasema tujaribu. Akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Simu ya Marselino ilikuwa mezani kwangu, karibu na mifuko. Ikaanza kuita, nami nikaitazama ili nimwambie nani anapiga.

MAMA SHUKRANI.

Mfuko wa maji ukanitoka mikononi ukapasuka miguuni. Nikamtazama Marselino. Naye alikuwa ananitazama mimi, anatikisa kichwa polepole, ananiomba nisiseme. Wallahi, mimi Mwanvua, nikanyamaza. Onesmo akatoa kiganja, maji yakarudi, simu ikakata. "Safi," akasema, "inafanya kazi."

Hesabu za Marselino zilikuwa rahisi. Pampu zetu zilikuwa zinaziba mara kwa mara. Kila ikiziba, laini itapiga. Laini ikipiga, inaishi. Na zaidi ya hapo, atakuwa anapigiwa. Alikuja kuniambia mwenyewe, "Shemeji, ile ya kujipigia ilikuwa kama kujitekenya na kucheka mwenyewe." Aliniita shemeji kwa ajili ya Scola.

Kumbe Onesmo ni fundi kweli. Mara hiyo hiyo alibadilisha machujio yote. Akaweka mapana, akayanyanyua mbali na mchanga ili yasinyonye maganda. Na Marselino kwa tabia yake anayapiga brashi kila asubuhi. Basi pampu zikaacha kuziba! Maji yanazunguka, tepe za khanga zinacheza, samaki wamenenepa, bosi anachekelea. Na simu ya Marselino kimya. Masika yakaisha kimya. Kiangazi kikaanza kimya.

Nilianza kumwona anakonda. Anakaa mbele ya kisanduku kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Siku moja nikamweka kitako.

"Baba Shukrani, una nini? Na usiniambie huna kitu."

Akafikiri. Nikamsubiri, nayo ilikuwa kazi. Mwisho akasema, "Laini itafungwa. Haijapiga tangu siku ile ya kujaribu. Mwezi huu ukiisha, wataichukua."

"Si umwambie Onesmo akipigishe mara moja? Ni kuziba bomba kwa kiganja tu!"

"Nimwambie nini? Kwamba nataka mke wangu anipigie? Na nikiziba mwenyewe, ni kujitekenya kule kule."

Nikamsogezea sahani ya vitumbua.

"Siku moja nitapiga ile namba," akaendelea, "atapokea mwanaume wa Mbeya, aniulize wewe nani." Macho yakamjaa maji. Akainuka kwenda kukagua bomba ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ningemwambia Onesmo mimi, ndiyo. Lakini alikuwa ameniomba nisiseme, na kwa mara moja maishani nikashika neno la mtu. Najuta kidogo.

Wiki iliyofuata nikaona kitu. Machujio hayapigwi brashi. Asubuhi Marselino anayafikia, anayatazama, anapita. Nilidhani anaumwa mgongo. Majani ya kijani yakaota, yakawa manene. Nikamwambia, "Machujio hayo yanafuga ndevu." Akasema atayaona. Marselino huyu, ambaye akikuta ganda moja la konokono ndani ya pampu anaomba radhi kwa samaki!

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, jua kali, mimi nimetoka kuswali, narudi kumalizia kufungasha mzigo. Nafika mlangoni nasikia simu inaita. Inaita, inakata, inaita tena. Nikatupa jicho kwenye matangi. Tepe za khanga za safu ya kwanza zimelala zote. Samaki wako juu, midomo wazi. Na Marselino amesimama katikati yao, simu kaishika kwa mikono miwili, anaitazama.

"Marselino!"

Hakugeuka.

"Marselino, samaki wanakufa!"

Wapi. Nikatupa kanzu ya swala pale, nikakunja mikono ya gauni, nikaingiza mkono kwenye tangi la pampu mpaka kwapani, nikang'oa lile chujio. Lilikuwa zito kwa majani. Nikalipiga ukutani, nikalipiga tena, natukana huku, Mungu anisamehe, nimetoka msikitini sasa hivi. Maji yakakohoa kwenye mabomba, yakatoka. Utepe mmoja ukatikisika, na mwingine. Simu ikanyamaza.

Ndipo nikamgeukia nikiwa nimelowa kama kuku wa masika. "Wewe mtu una akili? Unaiona inaita, unasimama?"

Akaniambia taratibu, "Nilikuwa nasubiri akate mwenyewe."

Hasira yote ikaniishia pale pale. Nikakaa chini kwenye maji.

Walikufa samaki wachache wa manjano. Akawakusanya kwenye bakuli, akawaweka mbele ya Bonaventura mwenyewe, kabla sijamtungia uongo wowote, na uongo nilikuwa nao mzuri. "Bosi, nimeacha kusafisha kwa makusudi. Na simu imeita, sikugusa kitu. Ni mimi." Hakueleza kwa nini. Bonaventura si mtu mbaya, lakini mzigo ulikuwa uondoke kesho yake, na alikuwa amekasirika, naye alikuwa na haki. Akampigia Onesmo aje. Akasema, "Hiyo laini ya mzee itolewe. Weka ya kituo, inipigie mimi. Mzee apumzike kwanza nyumbani."

Onesmo akachukua bisibisi, akapanda juu ya kigoda, akaanza kufungua kisanduku. Skrubu ya kwanza ikatoka. Marselino amesimama na kofia mkononi, anatazama. Hasemi! Pale laini inatolewa, mkewe anaondoka mara ya pili mbele ya macho yake, hasemi!

Basi nikasema mimi. Siri niliishika vya kutosha.

"Onesmo, shuka hapo! Hiyo laini ni ya Scola!"

Bonaventura akauliza Scola yupi. Nikamwambia, "Scola yupi? Scola aliyekupikia migebuka siku unafungua kituo hiki ukamaliza sahani mbili! Mke wake huyu!" Nikamwaga yote, bipu ya saa saba, dole gumba lililofutika, kitochi kilichovimba, mwezi unaoisha. Nikalia nikiwa nagomba, na kugomba huku unalia ni jambo gumu, pumzi inakwenda huku na huku. Nikamgeukia mpaka Onesmo, maskini, ambaye hakuwa na kosa. "Na wewe umeleta mke gani wa namna hii? Anakaa kimya miezi yote, akipiga ujue kuna msiba! Huyo si mke, huyo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi! Scola alikuwa anapiga siku ambazo hakuna shida. Hakuna shida, chakula kipo, njoo ule. Basi!"

Mabomba yanamwaga maji.

Onesmo bado yuko juu ya kigoda, bisibisi mkononi. Akajikuna sikio. "Bosi," akasema, "hata bila habari ya marehemu, kuna kitu hapo nilikuwa nakuja kukushauri. Kengele inayolia kwa shida tu, ikikaa kimya hujui kama mambo ni mazuri au yenyewe imekufa. Laini inaweza kufungwa, umeme wa kisanduku unaweza kukatika, usijue mpaka samaki waelee. Kule nilikojifunza tunakifanya kijiripoti kila siku. Kinapiga mara moja kusema niko hai na maji yanatembea. Siku kisipopiga, ndipo unakimbia."

Bonaventura akalitazama bakuli la samaki wa manjano. Kisha akamtazama Marselino. Akavuta pumzi. "Kinaweza kunipigia mimi pia, kukiwa na shida?"

"Namba mbili zinaingia. Shida, kinawapigia wote. Salama, kinampigia mzee peke yake."

"Na machujio?"

Marselino akajibu hapo hapo, bila kufikiri, "Kila asubuhi, bosi. Nikiruka hata siku moja, nitoe."

"Haya. Fanyeni," akasema Bonaventura, akatoka upesi. Nadhani na yeye macho hayakuwa makavu, ingawa angekataa.

Onesmo akarudisha ile skrubu, akachomeka kompyuta yake ndogo, akauliza kwa upole, "Mzee, kipige saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Kiite kwa muda gani?"

"Kiite mara moja tu," akasema Marselino. "Halafu kikate. Asije akamaliza vocha."

Onesmo aliinama kwenye kompyuta, na aliinama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Kesho yake mzigo ulishaondoka, kituo kimetulia. Mimi nimekaa mezani kwangu, chini ya kisanduku, napanga mifuko mitupu. Marselino yuko kwenye machujio na brashi yake, upande wa pili. Tepe za khanga zote zinacheza. Nakiri nilikuwa naitazama saa ya ukutani kuliko mifuko.

Simu yake ikaita mfukoni mwa shati. Mara moja. Ikakata.

Akasimama vile vile, brashi mkononi, maji yanamdondoka kwenye kiwiko. Mimi nikajifanya natafuta raba. Akaiweka brashi, akaosha mikono, akaikausha kwenye suruali kama alivyokuwa akifanya enzi zile na Scola akimgombeza kwa hilo. Akatoa simu. Akabonyeza. Hakuiweka sikioni. Akabonyeza tena, akairudisha mfukoni.

Juu ya kichwa changu, kwenye kisanduku, kuna kijitaa cha kijani. Kinawaka pale tu mtu anapoipigia ile laini, na siku zote hakuna wa kuipigia; Onesmo hakupanga lolote la namna hiyo. Kikawaka mara moja. Kikazima.

Marselino akapita mbele yangu, kofia kichwani. "Shemeji, naenda kula mara moja."

Mimi nilijua nyumbani hakuna mtu. Nilijua maharage aliyapika mwenyewe alfajiri, yamefunikwa kwa sahani, yamepoa tangu asubuhi. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, na mengi.

"Nenda upesi," nikamwambia. "Chakula kisipoe."